Vyuo Viwili na Namba Moja ya Simu

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya chuo kikuu ndiyo siku ambayo watu wote hukumbuka kwamba wanataka kusoma. Wiki sita dirisha limekuwa wazi, wamelala. Siku ya mwisho wanajaa kwenye duka la fotokopi mkabala na posta, na mama zao, na vyeti vilivyokunjwa mara nne, na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja. Kompyuta mbili, mashine ya fotokopi iliyokuwa ikikohoa kila baada ya karatasi ya kumi, feni ya ukutani iliyopuliza upande mmoja tu, na kaunta ya mbao iliyoliwa na viwiko vya watu. Nyuma ya kaunta alisimama kijana mrefu, mwembamba, shati la buluu mikono imekunjwa, kalamu sikioni. Watu walimwita Stepla, kwa sababu stepla haikumtoka mkononi. Akifikiri, aliibonyeza hewani, ta, ta, ta, hata kama hakuna karatasi.

"Anayefuata!"

"Mimi."

"Wewe nani?"

"Mimi ninayefuata."

Foleni nzima ikacheka. Stepla akainua macho. Alikuwa msichana wa gauni la kijani la mikono mirefu, viatu vya bapa vimefutwa vumbi vizuri, nywele zimesukwa mistari hadi kisogoni. Bahasha ya kaki aliikumbatia kifuani kama mtoto mchanga.

"Haya, unayefuata. Kozi gani?"

"Shahada ya fedha."

"Fedha? Wenzako wote leo wanataka uhasibu."

"Mhasibu anakwambia hela ilikwenda wapi. Mimi nataka kujua inakwenda wapi."

"Kwa nini?"

Msichana akashusha sauti. "Mama yangu alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na miwili. Alipofariki, tulikwenda kuulizia pensheni yake. Mtu wa dirishani akatwambia fedha zimewekezwa. Nikamuuliza, zimewekezwa wapi? Akaniambia, binti, hayo huyaelewi. Basi nataka kuyaelewa."

Stepla ikanyamaza. Hiyo ya mkononi, na mwenyewe pia.

"Pole," akasema. "Haya, Mheshimiwa Waziri wa Fedha. Vyuo gani?"

"Viwili. Cha hapa mjini, na kile cha mbali, cha safari ya siku nzima na usiku wake."

"Unachokipenda zaidi?"

"Vyote."

"Mtandao haujui 'vyote', Mheshimiwa."

"Basi niombee vyote, vikinikubali vyote nitajua la kufanya."

Hakujua la kufanya, nawaambieni mapema. Lakini tusifike huko. Stepla akajaza, akajaza, akafika kwenye simu.

"Namba?"

"Simu yangu iliibiwa sokoni mwezi uliopita."

"Ya nyumbani?"

"Ya shangazi. Ni muuguzi. Akiwa zamu anaizima, akiwa nyumbani amelala."

Nyuma mtu akapiga mluzi wa kukosa subira. Stepla akafanya kile ambacho wenye maduka ya fotokopi hufanya kila mwaka, mchana kweupe, bila hata kufikiri. Akaandika namba yake mwenyewe.

"Nusu ya wanafunzi wa mji huu wamepata chuo kwenye simu yangu," akasema. "Meseji ikija nitakuita."

"Utaniitaje na sina simu?"

"Basi uwe unapita pita."

Akawa anapita pita. Siku ya kwanza aliuliza, "Kuna meseji?" akajibiwa hakuna, akaenda zake. Siku ya tatu aliuliza, akajibiwa hakuna, akakaa kidogo kupisha jua. Wiki ya pili alikuwa ameshajua kiti kipi hakitikisiki, na Stepla alikuwa ameshajua kwamba chai anaitaka ya rangi, sukari moja. Ukiwaangalia ungedhani wanasubiri udahili. Udahili gani!

Ukweli ni kwamba wote wawili walikuwa wapweke, na upweke una pua, huunusa mwenzake. Waziri aliishi na shangazi yake kwenye nyumba ya vyumba viwili ambamo mmoja akiingia mwingine anatoka. Alipika, akala peke yake mbele ya redio, akaosha sahani moja. Stepla alipanga chumba nyuma ya duka la mjomba wake, duka hilo hilo la fotokopi, na Jumapili duka likifungwa alishinda bila kusema na mtu hadi jioni sauti ikamkauka. Sasa kila mmoja alikuwa na mtu wa kumwambia "leo jua kali", na si jambo dogo hilo.

Shangazi alipomnunulia simu mpya, wa kwanza kupigiwa alikuwa Stepla.

"Haloo, duka la fotokopi hapa."

"Naomba kuzungumza na mkurugenzi."

"Mkurugenzi yuko kwenye kikao. Nani mwenzangu?"

"Wizara ya Fedha."

"Ala! Mheshimiwa! Umepata simu?"

"Nimepata."

"Kwa hiyo sasa utabadilisha namba kwenye mfumo, meseji zije kwako."

"Nibadilishe?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi naona... usumbufu tu. Si ziko salama kwako?"

"Ziko salama sana, mpenzi."

Hilo neno likatoka lenyewe. Waziri alikuwa amekaa kitandani, akalala chali akaangalia dari akicheka bila sauti. Kuanzia siku hiyo likawa neno la kila siku, mpenzi huku, laazizi kule, kwa utani, kwa kubembeleza, kwa "umekula?" na "umefunga mlango?". Lakini sikilizeni: neno mpenzi waliliweza. Maneno mengine, yale mazito, hakuna aliyeyagusa.

Meseji ikaja Jumatano saa nne asubuhi, Stepla akiwa anafanyia mzee mmoja laminesheni ya hati ya kiwanja. Akaisoma, akasahau hati kwenye mashine, mzee akapiga kelele. Waziri alipoingia mchana, Stepla alimkabidhi simu.

"Vyote viwili!" Waziri akaruka. "Vimenikubali vyote viwili!"

"Soma hadi mwisho."

Mwisho ulisema hivi: uthibitishe chuo kimoja tu ndani ya siku kumi, kwa namba ya siri iliyotumwa kwenye simu hii. Ukishathibitisha, hakuna kubadilisha mwaka huu.

Waziri akachukua fotokopi iliyoharibika, akaigeuza nyuma, akapiga mstari katikati. Kushoto akaandika Mjini, kulia Mbali. Wakakaa wakavichambua kama watu wanaochambua mchele.

Mjini: kozi inaitwa biashara, masomo ya fedha yanaanza mwaka wa tatu. Majengo mapya. Walimu wengi ni wa kuja na kuondoka. Kutoka nyumbani ni mwendo wa mguu.

Mbali: fedha tangu siku ya kwanza. Mwaka wa tatu miezi sita ya mafunzo kwa vitendo, kwenye kampuni za bima na mifuko ya pensheni.

"Mifuko ya pensheni," Stepla akasoma kwa sauti.

"Nimeona."

"Ndicho ulichokitaka."

"Nimeona, nimesema."

Upande wa Mjini akaongeza: karibu na shangazi. Upande wa Mbali akaongeza: sina mtu.

Stepla akaisoma karatasi juu hadi chini. Kisha chini hadi juu. "Karibu na shangazi," akasema.

"Ndiyo."

"Shangazi tu?"

Waziri akamkazia macho. "Kwani kuna mwingine?"

Jamani! Mlango ulikuwa wazi, hata ng'ombe angepita. Stepla angesema "nipo mimi", mambo yangeisha pale pale, nami nisingekuwa na hadithi. Badala yake akabonyeza stepla, ta, ta. "Hakuna. Nilikuwa nauliza."

Waziri akakunja karatasi akaiweka kwenye mkoba. Hakumwandika kwa sababu aliona ni kujidhalilisha, kumweka kwenye mizani mwanamume ambaye hajawahi kumwambia baki. Stepla naye hakusema baki kwa sababu ambayo hakuwa amemwambia mtu. Miaka mitano nyuma yeye mwenyewe alikubaliwa chuo. Mjomba akamwita akamwambia, "Baki mwaka mmoja tu, mwanangu, unisaidie duka, mwakani utakwenda." Alimpenda mjomba, akabaki. Mwaka mmoja ukazaa wa pili, wa pili ukazaa wa tatu. Akaapa kwamba yeye hatamwambia mtu neno hilo hata siku moja. Kiapo kizuri. Ila Waziri angekijuaje? Mficha uchi hazai.

Siku zikapita, nane, tisa. Kila simu ilizunguka pale pale.

"Umeamua, mpenzi?"

"Bado. Wewe ungependa nini?"

"Mimi nataka unachotaka wewe."

"Na kama sijui ninachotaka?"

"Utajua tu."

"Hivi wewe huna maoni hata siku moja? Ukiulizwa chai au maji unasema chochote. Ukiulizwa Jumapili tuende wapi unasema popote."

"Si kwa sababu nakuheshimu?"

"Mhm. Niheshimu kidogo kidogo basi, itanishinda."

Asubuhi ya siku ya kumi Waziri alikuja dukani, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akakaa kwenye kiti kisichotikisika.

"Simu ni yako," akasema. "Namba ya siri unayo. Thibitisha wewe."

"Mimi?"

"Si unanijua?"

"Nakujua."

"Basi. Hadi saa kumi na moja jioni. Nitakuwa nyumbani."

Akainuka akaondoka. Njiani moyo wake ulikuwa mwepesi, kwa sababu alikuwa na uhakika. Atachagua mjini, na hilo ndilo litakuwa neno lake aliloshindwa kulisema. Akafika nyumbani akaoga, akavaa gauni lile la kijani, akatia hereni, akafagia hata nyuma ya mlango.

Stepla alifungua kozi za vyuo vyote viwili kwenye kompyuta. Alikuwa ameshazisoma mara ishirini. Alijiona anavyotaka kubonyeza mjini, na mkono wake ukamtisha, kwa sababu ulikuwa mkono wa mjomba. Saa tisa na nusu akabonyeza mbali. Akaenda chooni akanawa uso, kisha akapiga simu.

"Tayari."

"Kipi?" Sauti ilikuwa inacheka.

"Cha mbali."

Alisikia redio ya upande wa pili ikitangaza bei za mahindi. Ikamaliza mahindi, ikaingia maharage.

"Umefanya vizuri," Waziri akasema, akakata.

Kesho yake alikuja, si kukaa. Alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Umenifukuza."

"Nimekufukuza? Nimekuchagulia kilicho bora!"

"Nani alikuuliza kilicho bora? Kilicho bora nilikuwa nakijua tangu siku ile ya karatasi, najua kusoma."

"Sasa ulitaka nini?"

"Kama hujui, basi."

"Mpenzi..."

"Usiniite hivyo. Niite unayefuata." Na akaenda zake, na wateja watatu wakajifanya wanasoma matangazo ya ukutani.

Nyumbani shangazi alimkuta amejifunika shuka mchana. Akavua viatu vya kazi, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamwuliza hadi akaambiwa yote.

"Mwanangu," akasema, "wewe ulimpa mtu kisu akukatie nyama, sasa unalia imekatwa vibaya. Chuo ni chako, kwa nini ulimpa yeye?"

"Nilitaka aseme anataka nibaki."

"Ungemwuliza."

"Niulize mwanamume, shangazi?"

"Ah, mimi nauliza wagonjwa kama wamepata choo, na wananijibu. Wewe unashindwa kuuliza hilo?"

Waziri hakucheka. Wiki tatu baadaye akapanda basi alfajiri, na hakumuaga Stepla. Stepla alijua ameondoka kwa njia moja tu. Siku mbili baadaye kwenye simu yake iliingia meseji: *Mpendwa mwanafunzi, karibu. Usajili wako umekamilika. Hosteli ya tatu, chumba cha kumi na tisa.*

Chuo kilikuwa kimechukua namba kutoka kwenye fomu, kama vifanyavyo vyuo. Akaituma mbele kwa Waziri, bila salamu, bila jina. Baada ya saa moja likaja jibu: *Nimeipata.*

Hayo ndiyo yakawa mapenzi yao, miezi minane. Aibu kusema, lakini ndivyo. *Kipindi cha Takwimu kimehamishiwa ukumbi wa pili.* Anatuma. Nimeipata. *Maji hayatapatikana hosteli ya tatu hadi Jumamosi.* Anatuma. Nimeipata. Stepla alijua Jumatatu ana mtihani wa majaribio, alijua maktaba inamdai kitabu, alijua kliniki ya chuo imempangia miwani. Hakujua kama anacheka. Jioni akifunga duka alijikuta anasema peke yake, "Leo amehamishiwa ukumbi wa pili," kama mume anayemwambia jirani habari za mkewe aliyesafiri.

Huko mbali, chumba cha kumi na tisa kilikuwa na vitanda viwili na dirisha linaloangalia ukuta. Mwenzake wa chumbani alikuwa msichana mpole aliyelala na spika za masikio, akaamka nazo, akala nazo. Masomo Waziri aliyapenda, tena sana. Alijifunza hisa, hati fungani, hatari na faida, na siku mhadhiri alipochora ubaoni jinsi mfuko wa pensheni unavyogawa uwekezaji wake, aliandika hadi kalamu ikaisha wino, akalia kidogo kwenye korido, kwa sababu sasa alikuwa anaelewa na mama hayupo wa kuelezwa. Alitaka kumwambia mtu. Akatoa simu. Juu kabisa palikuwa na meseji ya Stepla: *Mpendwa mwanafunzi, rudisha kitabu.*

Akarudisha simu mfukoni.

Ofisi ya usajili ilikuwa ghorofa ya chini, hatua mia kutoka hosteli. Kubadilisha namba ya simu ni fomu ya ukurasa mmoja. Alipita mbele ya mlango ule kila siku, na hakuingia.

Matokeo ya muhula wa kwanza yalitoka mchana, duka limejaa. *Hisabati ya Fedha: A.* Stepla akapiga ngumi kaunta. "A!" Mama mmoja aliyekuja kufotokopi vitambulisho akashtuka. "Amepata A, mama! Hisabati ya Fedha!"

"Hongera, mwanangu. Nani, mdogo wako?"

Stepla akabonyeza stepla, ta, ta. "Mteja," akasema.

Akaandika hongera, akafuta. Akaandika hongera mpenzi, akafuta. Akaandika hongera sana, akafuta. Akatuma matokeo peke yake. Waziri, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi za maktaba akisubiri simu iteteme, akasoma mara mbili kuona kama kuna neno limejificha chini ya tarakimu. Halikuwepo. *Nimeipata,* akajibu, na siku ile hakula chakula cha usiku.

Kisha, mwisho wa mwaka wa kwanza, Jumanne moja ya kawaida, ikaja hii: *Mpendwa mwanafunzi, ombi lako la kuhamia chuo cha mjini limekubaliwa. Jibu NDIYO au HAPANA kabla ya Ijumaa saa kumi na moja jioni. Usipojibu, ombi litafutwa.*

Stepla akakaa chini. Ameomba kurudi! Aliisoma, akaisoma. Simu ilikuwa yake. Herufi tano tu, na Waziri angekuwa hapa mjini mwaka mzima ujao, mwendo wa mguu. Au anyamaze tu hadi Ijumaa ipite, abaki kule kwenye kozi yake. Vyote viwili vilikuwa mikononi mwake tena, na safari hii aliviogopa vyote. Akamwambia mteja asubiri, akatoka nyuma ya duka kwenye maboksi ya karatasi, akapiga, mara ya kwanza baada ya miezi minane.

"Haloo?"

"Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Kuna meseji yako."

"Si huwa unatuma?"

"Hii nimeona niisome." Akaisoma hadi mwisho. "Umesikia?"

"Nimesikia. Sasa unaniuliza nini?"

"Sikuulizi. Nataka kukwambia kitu, na usinikatie. Safari hii sibonyezi chochote. Sikupaswa kubonyeza hata ile ya kwanza. Na kitu cha pili..." Akataka kubonyeza stepla, akakumbuka ameiacha kaunta, akabaki amebana vidole. "Nataka urudi. Nilitaka ubaki tangu siku ile ya karatasi. Nilitafuta jina langu nikakuta la shangazi yako. Niliogopa kusema baki kwa sababu mimi niliambiwa baki mwaka mmoja, nikabaki, na mpaka leo niko hapa nafotokopi vyeti vya wenzangu. Sikutaka nawe uje unichukie. Basi. Ndiyo hiyo."

"Uliambiwa na nani?"

"Mjomba."

"Na wewe ulikuwa umepata chuo?"

"Nilikuwa nimepata."

"Chai zote zile tulizokunywa, hukuniambia!"

"Nilikuwa naona aibu."

"Mungu wangu," akasema Waziri, na sauti yake ilikuwa imelowa. "Wewe ni mtu mgumu wewe. Usiguse kitu. Likizo imeanza leo. Nakuja."

Aliingia dukani Alhamisi saa nane mchana, moja kwa moja kutoka kwenye basi. Sketi nyeusi, blauzi ya maua iliyokunjamana kwa safari, na miwani, miwani ile ya kliniki, ambayo Stepla aliijua bila kuwahi kuiona. Amekonda. Stepla alikuwa amenyoa, shati limepigwa pasi hadi mikono. Foleni ilikuwa ya watu sita.

"Anayefuata," Stepla akasema.

"Mimi," akasema Waziri kutoka mlangoni.

"Foleni, dada!" mtu akalalamika.

"Simfanyii foleni huyu, nimeshamfanyia mwaka mzima." Akafika kaunta. "Sema ulichosema kwenye simu."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Nataka ubaki," akanong'ona.

"Mwambie kwa sauti, kijana," akasema mama mmoja mwenye bahasha. "Hata mimi sijasikia."

"Nakupenda!" Stepla akasema, na jasho likamtoka. "Nakupenda, nataka ubaki, sitaki uende tena, chumba hakina mtu, Jumapili zinanitesa. Nimesema."

Foleni ikashangilia. Waziri alikuwa analia waziwazi, miwani imefanya ukungu. Akanyoosha mkono. "Nipe simu."

Stepla akampa. Akaitafuta ile meseji, akaandika, akaonyesha kioo kabla ya kutuma. Herufi sita. HAPANA. Akatuma.

Mama mwenye bahasha akasogea kutazama kioo.

"Sasa..." Stepla akaanza. "Sasa kwa nini uliomba?"

"Nusu yangu ilitaka kurudi. Nusu ilijua meseji itakuja kwako, na kwamba hii huwezi kuituma bila neno." Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya blauzi. "Ulichagua sawa safari ile. Ndicho kilichoniuma. Ulichagua sawa na hukuniambia kwamba inakuuma, nikakaa kule nikidhani naumia peke yangu. Sasa nimekusikia. Na narudi kule, kwa kuchagua mwenyewe. Napenda ninachosoma, na mwaka wa tatu nataka niingie kwenye ofisi ya pensheni nikae upande wa ndani wa dirisha."

"Miaka miwili."

"Miaka miwili."

"Ni mingi."

"Ni mingi sana," akasema Waziri. "Usiniambie itapita haraka, haitapita haraka. Na nikifika naenda ofisi ya usajili kubadilisha namba. Habari za maji na kumbi zije kwangu. Wewe nipigie kwa habari zako."

Stepla akatikisa kichwa polepole. Alitaka kukasirika akashindwa, kwa sababu hakuna aliyemkosea. Yule mama akagonga kaunta na bahasha yake. "Sasa na sisi tuhudumiwe, jamani."

Walipata wiki tatu. Walikula pamoja, shangazi akamkagua Stepla kucha na meno kama mgonjwa wa kulazwa akasema anafaa, na Waziri akamwuliza mara mbili lini atajaza fomu yake mwenyewe. Mara mbili akasema atafikiria. Mara ya tatu hakuulizwa, maana muda ulikuwa umekwisha.

Siku ya kuondoka Stepla alimsindikiza, akamwekea begi juu, wakashikana mikono dirishani mpaka dereva akapiga honi. Stepla akarudi dukani kwa miguu. Alifungua mlango, akawasha feni, akakaa kwenye kiti kisichotikisika. Bado hakuna mteja. Chumba kilikuwa kimya kama kilivyokuwa kabla ya yote. Akatoa simu.

"Haloo?" Waziri akajibu. Nyuma yake injini ilikuwa inanguruma. "Vipi? Nimesahau kitu?"

"Hujasahau."

"Kuna meseji?"

"Hakuna."

"Sasa kuna nini, hata mjini hatujatoka?"

"Hakuna kitu. Nimeingia dukani nikaona hupo, nikapiga."

Waziri akaegemeza kichwa kwenye kioo cha dirisha. Maduka ya mwisho ya mji yalikuwa yanapita, moja moja.

"Endelea," akasema. "Nakusikiliza."